Upande Wenye Maandishi

Mama Mashuka alishuka ngazi za chumba cha kufulia kinyumenyume, mikono yote miwili imeshika bomba la pembeni, kama mtu anayeteremka kutoka juu ya paa. Ngazi zilikuwa kumi na nne. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akizishuka na furushi kichwani bila hata kuzitazama. Sasa kila moja aliijaribu kwa vidole, halafu unyayo, halafu akangoja kisigino kiseme kama kimekubali. Asubuhi hiyo kisigino cha kulia kilikataa kwenye ngazi ya sita. Akasimama hapo, paji la uso limegusa ukuta wenye unyevu, akimeza mate, na wenzake kule chini wakajifanya hawamwoni.

Chumba cha kufulia kilikuwa chini kabisa ya hospitali, hakina dirisha ila matundu mawili ya hewa. Mashine zilikuwa mbili. Moja ilikufa zamani na sasa ilikuwa meza ya kukunjia. Nyingine ilifua lakini haikukamua, kwa hiyo mashuka yalitoka yakichuruzika, mazito, na ilibidi yakamuliwe na watu wawili, mmoja huku na mmoja kule, kila mtu akisokota upande wake mpaka shuka ligeuke kamba. Katika kazi hiyo Mama Mashuka hakuwa na mpinzani, na ndiyo maana wakampa hilo jina. Wenzake walisukumizana nani amshikie ncha ya pili, maana yeye akishasokota, wewe wa upande wa pili unaweza kuvutwa ukaingia kwenye beseni pamoja na kilemba chako.

Siku hiyo alishika ncha, akajikaza kisabuni, akasokota mara moja. Kifundo cha mkono kikawaka moto. Akainuka juu ya vidole vya miguu kama alivyozoea, ili apate nguvu ya mwili mzima, na maumivu yakampanda kutoka nyuma ya kisigino hadi gotini. Shuka likamponyoka, likaanguka sakafuni pu! Ikabidi lifuliwe upya.

Msimamizi wa kufulia alikuja na daftari lake la mahudhurio. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuogopa.

"Umepona?" aliuliza.

"Cheti kinasema nimepona."

"Sikukuuliza cheti. Nimekuuliza wewe."

"Mimi nimeshuka kinyumenyume, bosi. Umeniona."

Msimamizi akafunga daftari. "Sikiliza, dada yangu. Siku zako za ugonjwa zimekwisha zote. Ijumaa kamati inakaa. Ukiingia na maandishi ya daktari yanayosema umeumizwa na nini, watakupa kazi ya kukaa mpaka upone. Ukiingia mikono mitupu, barua inatoka. Na chumba unakijua chenyewe."

Alikijua. Kilikuwa chumba kimoja katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya jengo la maiti, vitanda viwili na jiko mlangoni, alimoishi na mama yake mzazi. Kazi ikiondoka, chumba kinaondoka wiki hiyohiyo.

Yote yalianza na mkojo. Ulikuwa unamchoma, jambo la kawaida tu, la kutibiwa mtu akarudi kazini. Akapanda juu, akapimwa, akapewa antibayotiki, vidonge virefu vyeupe, kimoja asubuhi na kimoja jioni kwa siku kumi. Mkojo ulitulia siku ya pili. Siku ya nne akaamka visigino vimekaza kama vimefungwa kamba. Akaenda kwenye dirisha la dawa kuuliza.

"Maliza dozi, mama," dada wa dirishani alimjibu, akimtazama mtu wa nyuma yake.

Mama Mashuka akaona haya. Si ndiye aliyekuwa akiwagombeza majirani wanaoacha dawa wakipata nafuu kidogo? Kwenye ukuta wa ngazi zake mwenyewe palibandikwa bango la herufi nyekundu, MALIZA DOZI, naye alilipita kila siku na kulikubali. Akaendelea. Siku ya saba alishindwa kufungua kifuniko cha ndoo. Siku ya kumi alimeza kidonge cha mwisho jioni, akateremshia na maji mengi, akajisifu. Mchana wa siku iliyofuata, kwenye ngazi ya tisa, furushi kichwani, kitu nyuma ya mguu wa kulia kikalia ta! Aligeuka kuona nani amempiga. Hapakuwa na mtu.

Tangu hapo alipigwa danadana, na chanzo kilikuwa neno. Yeye alisema "mshipa", kama kila mtu asemavyo. "Mshipa wa kisigino umekatika, daktari." Wa kwanza akamwambia mshipa ukikatika angemwaga damu, akampima presha, akamwambia apunguze chumvi. Wa pili akaelewa mishipa ya fahamu, akampa vitamini nyekundu za mwezi mzima. Mara ya tatu karani wa mapokezi aliandika "mshipa" kwenye faili bila kuinua kichwa, akamwelekeza kwenye benchi la mwisho la ukumbi. Alikaa pale saa tatu katikati ya wanaume kumi na mmoja waliokuwa wamejishika chini ya kitovu, mpaka mmoja wao, baba mmoja mpole, akamwinamia na kumwuliza, "Samahani, mama. Kwani na ninyi siku hizi mnapata ngiri?" Alicheka pale benchini mpaka machozi yakamtoka. Alipofika nyumbani machozi yakaendelea bila kicheko.

Neno lenyewe alilipata buchani. Mwenye bucha alikuwa rafiki wa marehemu mumewe, na alipomwona anakuja akichechemea alianza utani wake.

"Shemeji, siku hizi umekuwa kiguu na njia. Kila nikiinua macho unapita."

"Hicho kiguu chenyewe ningekuwa nacho ningeshukuru."

Mwenye bucha alikuwa akichuna mguu wa ng'ombe. Kisu kilipofika karibu na kwato, ukatokea ukanda mweupe, mnene kama kidole, unaong'aa, umetoka kwenye nyama na kushika mfupa. Mama Mashuka akasogea.

"Hiyo nini?"

"Hii? Kano. Hata mbwa hawezi kuitafuna. Lakini ndiyo inayomsimamisha ng'ombe. Nyama yote hii, bila kano, ni mzigo tu."

"Na ikikatika?"

"Ya ng'ombe?" Mwenye bucha alifuta kisu kwenye aproni. "Ng'ombe akikatika hii, analetwa kwangu."

Akacheka. Halafu akaona jinsi mwenzake alivyoegemea meza ya mizani, mguu mmoja umening'inia, akaacha kucheka. Akamwongezea mfupa kwenye mfuko bila kumwambia.

Jumatano alimngoja daktari kijana wa zamu ya asubuhi, yule ambaye alikuwa bado anasalimia watu. Alimkuta na macho mekundu, chai imepoa mbele yake.

"Ni kano, daktari. Si mshipa."

Daktari aliinua kichwa. "Nani kakwambia?"

"Mwenye bucha."

Alitaka kucheka, akajizuia. Akapiga magoti, akabonyeza nyuma ya kisigino kwa kidole gumba, na Mama Mashuka akaruka. Akabonyeza kifundo cha mkono, akabonyeza bega. Akauliza kabla ya hapo alikuwa akitumia dawa gani. Alipotajiwa vidonge virefu vyeupe, aliinuka akaenda kufunga mlango.

"Hiyo dawa inajulikana," alisema kwa sauti ya chini. "Si kwa kila mtu. Ila ikikupata inashambulia kano, hasa hii ya kisigino. Siku ile ya nne ulitakiwa uache."

"Niliambiwa nimalize."

"Najua."

"Nitapona?"

"Utapona polepole. Miezi, pengine mwaka. Usibebe, usikamue, usisimame juu ya vidole. Ukiilazimisha sasa, itakatika yote."

"Basi niandikie hivyohivyo ulivyosema."

Daktari alishika kalamu, akaiweka. Akaanza kueleza huku akiitazama chai. Maboksi ya dawa ile yaliletwa mengi, yamebakiza miezi michache kufika tarehe yake ya mwisho, na mkuu wa hospitali akaagiza yatumike kwanza kabla ya dawa nyingine yoyote. Mwenye mkojo, mwenye kikohozi, mwenye kidonda, wote wakapewa hiyohiyo. Na mkuu wa hospitali ndiye mwenyekiti wa kamati ya Ijumaa.

"Maneno yangu peke yangu hayatafika popote, mama. Lakini kila boksi lina karatasi ya maelezo ndani. Yote yameandikwa humo. Niletee hiyo karatasi, na mimi nitaandika. Ijumaa nitakuwemo, mimi ndiye katibu."

Mama Mashuka alitamani amshike shingo amkamue. Karatasi iko jengo moja na yeye, ana miguu miwili mizima, na anamtuma mgonjwa akaitafute! Lakini alisema, "Sawa, daktari," kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa amemfungia mlango na kumwambia ukweli.

Kwenye dirisha la dawa alipanga foleni kama wengine. Dada wa dirishani alishangaa swali lenyewe.

"Karatasi za ndani ya boksi? Si ndizo tunazokunjia bahasha?"

Alimwonyesha. Bahasha za dawa ziliisha mwaka juzi, zikaombwa, hazikuletwa. Kwa bahati karatasi zile zilichapwa upande mmoja tu. Walizikata vipande vinne kwa mkasi, wakazikunja, wakazibana kwa gundi ya unga, maandishi ndani, weupe nje, ili nje paandikwe dawa imezwe mara ngapi. Hakuna kilichotupwa.

"Na maboksi ya dawa ile yamebaki mangapi?"

"Hakuna. Tuliyamaliza wiki iliyopita. Hata kidonge kimoja hakikutuharibikia," dada wa dirishani alisema, na ilikuwa wazi kwamba alipongezwa kwa hilo.

Nyumbani Mama Mashuka alimkuta mama yake akiingia na ndoo ya maji. Bibi huyo alikuwa na miaka sabini na minne, na tangu mwanawe aumie, yeye ndiye aliyekuwa akienda bombani.

"Kaa chini kabla hujaanguka," mama yake alisema, akiitua ndoo. "Mimi ndiye mzee, wewe ndiye unashika ukuta. Dunia imepinduka."

"Mama, bahasha yangu ya dawa iko wapi? Ile ya vidonge vyeupe."

"Nimetilia vifungo."

Ilikuwa kwenye kopo la biskuti, pamoja na sindano na nyuzi, imevimba kwa vifungo vya mashati ya marehemu. Mama Mashuka alivimwaga kitandani, akaibandua gundi taratibu kwa ukucha, akaifungua. Maandishi yalikuwa madogo kama sisimizi. Kipande kilianza katikati ya sentensi: "uvimbe au maumivu ya kano, hasa nyuma ya kisigino, acha kutumia dawa hii mara moja na umwone dak". Hapo mkasi ulikuwa umepita.

Aliisoma mara tatu. Bahasha hiyo aliibeba siku kumi ndani ya sidiria, ili asiisahau kazini. Kila asubuhi na kila jioni aliitoa, akaifungua mdomo, akachukua kidonge, akaifunga.

"Iliniambia, Mama," alisema. "Ilikuwa kifuani kwangu hapa, na iliniambia."

"Nani?"

Alikinyoosha kile kipande juu ya goti, akakisoma tena. Vifungo aliviacha vimetapakaa kitandani, na mama yake akaviokota kimoja kimoja bila kuuliza tena.

Alhamisi alimtafuta daktari kijana amwandikie, hakumkuta zamuni. Ijumaa kamati ilikaa kwenye chumba chenye zulia. Mkuu wa hospitali alikuwa katikati, matroni kulia, na daktari kijana mwishoni mwa meza na kitabu cha kumbukumbu. Mama Mashuka alitandika kile kipande mbele yao. Mkuu akakiinua kwa ncha za vidole viwili.

"Hii ni nini?"

"Karatasi ya dawa niliyopewa, mkuu. Inasema mtu akiumwa kano aache. Mimi niliumwa siku ya nne, nikaambiwa nimalize."

"Dawa gani?"

"Ile antibayotiki nyeupe."

"Jina lake liko wapi hapa?"

Halikuwepo. Jina lilikuwa kwenye robo nyingine, iliyokwenda nyumbani kwa mtu mwingine na dawa nyingine ndani.

"Ina matundu ya sindano," matroni alisema akichungulia.

"Hata daktari hawakummalizia. Wameandika 'dak'," mkuu akasema, na matroni akacheka kidogo kwa adabu.

"Huyo hapo anajua," Mama Mashuka alisema. "Alinipima. Muulizeni."

Wote wakamgeukia daktari kijana. Yeye alikuwa akiandika, na aliendelea kuandika muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwa yamesemwa.

"Leo mimi ni katibu," alisema mwishowe. "Katibu hachangii."

Mkuu akavuta fomu. Ilikuwa na visanduku vitatu vya sababu: ajali kazini, ugonjwa, umri.

"Tuione pamoja. Uliteleza kwenye ngazi?"

"Hapana. Kano ilikatika yenyewe."

"Uligongwa na kitu?"

"Hapana, mkuu."

"Basi si ajali. Ugonjwa? Faili linasema ugonjwa wako ulikuwa mkojo, na umepona."

"Mimi nimeumizwa na dawa."

"Dawa haina kisanduku, mama." Hakuipandisha sauti. Alisema kama mtu anayemwonea huruma. "Sisi tunataka kukusaidia. Tukitia alama hapa kwenye umri, tunaweza kukupa kazi ya kukaa miezi mitatu, na chumba chako unabaki nacho. Baada ya hapo tutaangalia."

"Nina miaka arobaini na minne."

"Miili haifanani."

Alimfikiria mama yake na ndoo, na kopo la biskuti, na pale ambapo wangelitua kama si mle chumbani. Hakupapata. Akachukua kalamu. Kifundo cha mkono kilikuwa bado hakijakubali kushika vitu vyembamba, na saini ikatoka imepindapinda hadi nje ya mstari.

"Unaona?" mkuu alimwambia matroni kwa sauti ya chini. "Hata mkono unatetemeka."

Aliponyoosha mkono achukue kipande chake, mkuu alikuwa ameshakitia kwenye faili.

Kazi ya kukaa ilikuwa nyuma ya dirisha la dawa. Alipewa kiti, meza, mkasi, na mkebe wa gundi ya unga. Dada wa dirishani alimfundisha kwa dakika moja: kunja mara mbili upate alama, kata, kunja, bana. Maandishi ndani, weupe nje. Wiki ya kwanza alikata karatasi za dawa za minyoo na za tumbo. Visigino vilipata nafuu kidogo kwa kukaa, na alianza kuamini kwamba pengine miezi mitatu ingetosha.

Jumatatu ya wiki ya pili yakaletwa maboksi mapya kwa mkokoteni, mpaka darini. Dada wa dirishani akafungua la kwanza, akamrushia mezani rundo la karatasi. Mama Mashuka akachukua ya juu, akainyoosha. Jina la dawa lilikuwa pale juu, kubwa, jeusi. Chini yake kano, kisigino, acha mara moja, yote, bila kukatwa popote. Karatasi aliyotumwa, aliyoikosa, sasa alikuwa nayo rundo zima.

"Hii imekuja tena?" aliuliza.

"Imebakiza miezi mitano. Tumeambiwa ianze kutoka leo."

Aliikunja ya kwanza maandishi nje. Dada wa dirishani akaipokea, akaigeuza, akaguna. "Mama Mashuka, umekosea upande. Mimi nitaandika wapi?"

"Nimeacha watu wasome."

"Wasome! Na foleni ile?" Dada akainama karibu, na safari hii hakuwa na dharau, alikuwa na hofu. "Wewe umeshasaini yako. Na mimi nina watoto."

Akaibandua, akairudisha mezani. Dirishani palikuwa na mwashi aliyekuwa akikohoa, saruji imemkaukia miguuni mpaka magotini.

"Kaka," Mama Mashuka aliita kutoka kitini, "ukisikia visigino vinakaza—"

"Kimoja asubuhi, kimoja jioni," dada wa dirishani akasema kwa sauti kubwa zaidi, akimpa bahasha. "Na umalize dozi, kaka."

Mwashi aliitikia kwa kichwa, akawashukuru wote wawili, akaitia bahasha kwenye mfuko wa shati na kuifungia kifungo ili isidondoke.

"Bahasha, Mama Mashuka," dada wa dirishani akasema bila kugeuka. "Watu wanangoja."

Akachukua karatasi nyingine. Akaikunja mara mbili kupata alama, akaifungua, akauweka mkasi kwenye mstari na kubonyeza kwa mkono wa kushoto, ule uliouma kidogo. Ulipita palepale, ndani ya neno daktari, baada ya k.